Kasongo–Kabambare: Taa ya mlango ikikataa kuzimika, fundi asianze kwa kukata waya

Milango yote ya gari imefungwa, lakini taa ya ndani inaendelea kuwaka. Dereva anaufunga mlango tena kwa nguvu, taa haizimiki. Anachoka, anaenda kulala. Asubuhi anazungusha ufunguo, gari linalia kidogo mara moja, kisha kimya. Batri imekwisha.

Katika mji wa Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema, tatizo hilo lina dawa ya haraka: majirani wanasukuma gari, au mtu anaazima batri nyingine. Lakini kwenye barabara ya kuelekea Kabambare, upande wa mashariki, mambo ni tofauti. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 100 za udongo na mashimo, na matope wakati wa mvua. Gari likikataa kuwaka katikati ya safari, abiria na bidhaa wanabaki pale pale, na pengine mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Wa kwanza kulaumiwa ni batri. Inanunuliwa mpya, na baada ya muda nayo inaanza kuchoka. Kumbe anayekula umeme yuko mlangoni.

KIFAA KIDOGO, KAZI MOJA

Kila mlango wa gari una kifaa ambacho kazi yake ni moja tu: kusema kama mlango umefungwa au uko wazi. Wengine wanakiita kihisi. Mafundi waliozoea Kifaransa wanasema capteur. Katika magari mengi ni swichi ndogo tu, kama ile ya taa ya nyumbani, ila hii inabonyezwa na mlango badala ya kidole.

Ziko aina mbili. Katika magari ya zamani na yale ya kazi ngumu, kama Toyota Land Cruiser za miaka iliyopita, swichi ni kitufe chenye kofia ya mpira kwenye nguzo ya mlango. Mlango ukifungwa, unakisukuma kitufe ndani na taa inazimika. Mlango ukifunguliwa, kitufe kinatoka, waya unagusana na bodi ya gari, na taa inawaka.

Katika magari ya karibuni swichi imefichwa ndani ya kitasa chenyewe. Humo kuna ulimi wa chuma unaozunguka na kushika kile chuma chenye umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo. Ulimi ukishika vizuri, swichi inabadilika na gari linajua kwamba mlango umefungwa.

Habari hiyo inatumiwa na vyombo vingi: taa ya ndani, alama nyekundu ya mlango kwenye dashibodi, king'ora, na mtambo wa kufunga milango yote kwa pamoja. Ndiyo maana swichi moja ikiharibika, dereva anaweza kuona mambo manne ambayo yanaonekana hayahusiani: taa haizimiki, king'ora kinalia usiku bila mwizi, milango inakataa kujifunga, na asubuhi batri haina nguvu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Taa ya wati 10 kwenye gari la volti 12 inakula karibu ampea 0.8. Ikiwaka saa 10 za usiku, imekula ampea-saa 8. Batri mpya ya ampea-saa 60 itavumilia. Lakini batri iliyochoka, ambayo imebaki na robo tu ya nguvu zake, ina ampea-saa 15. Ikipoteza 8 kati ya hizo, kuwasha mashine asubuhi kunakuwa bahati.

VUMBI, MATOPE NA MTIKISIKO

Barabara za kusini mwa Maniema zina kila kitu kinachoua swichi ya namna hii. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia ndani ya kitasa na kugandamana na grisi ya zamani. Mvua zikianza, maji na matope yanafuata njia ileile, na vyuma vidogo vinavyogusana ndani ya swichi vinashika kutu. Mashimo yanatikisa mlango siku nzima mpaka bawaba zinalegea na mlango unashuka kidogo.

Kuna pia umri. Magari mengi ya mashariki mwa Kongo yalitumika kwanza Japani au Ulaya kabla ya kuletwa huku. Milango yake ilikwisha kufunguliwa na kufungwa mara maelfu. Kila mara hiyo, waya zinazopita kati ya bodi na mlango, ndani ya bomba la mpira, zinakunjwa na kukunjuliwa. Siku moja unakatika mmoja, na kwa macho huwezi kuuona.

JE, MLANGO UNASEMA KWELI?

Kabla ya kugusa waya wowote, fundi mzuri anajiuliza swali moja: taa inadanganya, au inasema kweli? Pengine mlango kweli haujafungwa.

Kitasa cha gari kina hatua mbili. Ya kwanza inashika mlango nusu. Ya pili ndiyo inaufunga kabisa. Mlango ulio kwenye hatua ya kwanza unaonekana kama umefungwa, lakini abiria akiuegemea kwenye kona unaweza kufunguka. Katika gari lililojaa watu, hiyo si hatari ndogo.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa mkono. Mlango unasukumwa na kuvutwa kutoka nje: ukicheza sana, haujashika vizuri. Unatazamwa pia kama umelingana na bodi. Ukiwa umeshuka, bawaba zinakazwa, au chuma cha U kinasogezwa kidogo. Ni afadhali kuweka alama ya kalamu kabla ya kukilegeza, ili kiweze kurudishwa mahali pake.

KUTAFUTA MLANGO WENYE KOSA

Kitu kingine kinachosahaulika ni swichi ya taa yenyewe kwenye dari. Ina nafasi tatu: kuwaka daima, kuwaka kwa mlango, na kuzimwa. Mtoto au abiria anaweza kuwa ameigusa. Ikiwa iko kwenye nafasi ya mlango na taa bado inawaka, ndipo milango inachunguzwa mmoja mmoja, pamoja na wa nyuma wa mizigo, ambao wengi wanausahau.

Kwa gari lenye kitufe kwenye nguzo, kidole kinatosha. Mlango unafunguliwa na kitufe kinabonyezwa mpaka mwisho, huku milango mingine ikiwa imefungwa. Taa ikizimika kwa kidole lakini haizimiki kwa mlango, swichi ni nzima. Mlango ndio haukifikii kitufe. Taa isipozimika, kitufe kinafunguliwa na waya wake unachomolewa. Ikizimika sasa, kitufe ndicho kibovu. Ikiendelea kuwaka, kosa liko kwenye mlango mwingine, au waya umechubuka mahali fulani na unagusa bodi.

Kwa gari lenye swichi ndani ya kitasa, turnevisi inafanya kazi ya chuma cha U. Mlango ukiwa wazi, ulimi wa kitasa unasukumwa polepole mpaka ulie mara mbili, kama vile mlango umefungwa. Taa ikizimika, swichi ni nzima, na tatizo ni namna mlango unavyokaa. Ikibaki kuwaka, kosa liko kwenye swichi au waya. Baada ya jaribio hili ni lazima kuvuta mkono wa mlango ili ulimi urudi. Mwenye kusahau akaupiga mlango, ataharibu kitasa kilichokuwa kizima.

Fundi mwenye mita ya kupimia umeme anaendelea mbele. Anachomoa soketi ya kitasa, anaweka mita kwenye alama ya mlio, na kupima swichi huku akizungusha ulimi. Magari hayafuati kanuni moja: mengine swichi inaunganisha mlango ukiwa wazi, mengine ukiwa umefungwa. La maana ni kwamba lazima ibadilike, na ibadilike vilevile kila mara. Mwenye shaka anapima mlango mzima wa gari hilohilo na kulinganisha.

Swichi ikiwa nzima, zinabaki waya. Bomba la mpira kati ya mlango na bodi linavutwa, na kila waya unakunjwa taratibu huku mita ikisikilizwa. Mlio ukikatika, mahali pabovu pamepatikana.

KUTENGENEZA BILA KUHARIBU

Si kila kitasa kibovu kinahitaji kubadilishwa. Kikiwa na uchafu tu, kinasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia mikutano ya umeme, ulimi ukizungushwa mara nyingi ili uchafu utoke. Kinaachwa kikauke kabisa, ndipo grisi nyepesi kidogo inapakwa kwenye sehemu za chuma zinazozunguka. Oili chafu ya mashine haifai: inashika vumbi, na baada ya muda tatizo linarudi likiwa baya zaidi. Esansi nayo ni hatari karibu na umeme, kwa sababu cheche moja inatosha kuwasha moto.

Kitufe cha nguzo kinaweza kufunguliwa, vyuma vyake vikasuguliwa kwa msasa laini, na kofia mpya ya mpira ikawekwa. Waya uliokatika unaunganishwa kwa risasi na kufunikwa vizuri. Kuusokota kwa vidole hakudumu pale, kwa maana unakunjwa kila siku. Swichi ya ndani ya kitasa ikiwa imekufa kabisa, kwa kawaida kitasa kizima kinabadilishwa. Cha gari lililokufa kinafaa, ilimradi ni cha aina ileile na upande uleule, na kimepimwa kwa mita kabla ya kulipiwa.

NJIA YA MKATO INAYOWEZA KUUA

Ipo njia nyingine, ya dakika tano: kukata waya wa swichi, au kuuunganisha moja kwa moja ili gari liamini kwamba mlango umefungwa daima. Taa inazimika, mteja anafurahi, fundi analipwa. Lakini tangu siku hiyo hakuna kitu ndani ya gari kinachoweza kumwambia dereva kwamba mlango wa nyuma uko wazi na mtoto ameuegemea.

Hata katika nchi zilizoendelea jambo hili halichukuliwi kuwa dogo. Mwaka 2014 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama barabarani, NHTSA, lilifungua uchunguzi juu ya magari ya Ford Edge ya miaka 2011 hadi 2013, baada ya wenye magari kulalamika kwamba alama ya mlango wazi haizimiki. Miaka miwili baadaye, mwaka 2016, Ford iliita magari karibu milioni 2.4 ya Marekani na Mexico kwa sababu nyingine: kipande ndani ya kitasa kingeweza kuvunjika na mlango kufunguka gari likitembea.

Mambo hayo mawili, taa inayodanganya na kitasa kisichoshika, kwa dereva yanaweza kufanana. Anayekata waya anazificha zote mbili kwa pamoja.

UKIWA NJIANI, MBALI NA GARAJI

Dereva aliyekutwa na tatizo hili kati ya Kasongo na Kabambare hana haja ya kutengeneza kila kitu gizani. Kwanza ahakikishe kwa mkono kwamba kila mlango umeshika hatua ya pili. Mlango wenye shaka usikaliwe na mtu. Ufungwe kwa kamba imara, na karibu yake ziwekwe bidhaa. Kisha taa ya dari iwekwe kwenye nafasi ya kuzimwa.

Gari likilala, waya hasi wa batri uondolewe. Kwa magari mengi ya Japani ufunguo namba 10 unatosha. Dereva akae na ufunguo wa gari mfukoni, kwa kuwa milango mingine inajifunga yenyewe umeme ukirudi. Asubuhi waya unarudishwa, na mashine inawaka.

Akifika garaji, amwambie fundi atafute kwanza mlango gani unasema uongo, na kama kweli ni uongo.