Je, Wajua? Kutoka Pambio la Watoto hadi Soul

Je, wajua kwamba "Yesu Anipenda", wimbo ambao mtoto wa shule ya Jumapili pale Karatu huujua kabla hajaweza kuandika jina lake, ulianza kama shairi ndani ya riwaya? Anna Warner wa Marekani alilitunga mwaka 1860 kwa ajili ya riwaya aliyoandika na dada yake Susan, na humo linasemwa kumfariji mtoto aliye kufani. Mwaka 1862 William Bradbury akalitia muziki na kuongeza kiitikio.

Tuni yake ina noti tano tu: do, re, mi, so, la. Tafuta fa au ti, huzipati. Kwa kuwa noti hizo hazibanani, mwimbaji anaweza kuzivuta na kuzipindisha apendavyo, na mpiga kinanda akabadilisha mengi chini yake bila kuuharibu wimbo. Soul, muziki wa Wamarekani Weusi, inataka nini zaidi?

Mwimbaji Whitney Houston alilijua hilo. Aliurekodi wimbo huo kwa mtindo wa soul katika albamu ya filamu ya The Bodyguard, mwaka 1992. Albamu hiyo imeuza zaidi ya nakala milioni 40. Wengi waliinunua kwa ajili ya wimbo mmoja wa mapenzi. Pambio la watoto wakapewa kama nyongeza.

Ray Charles alipita njia ya kinyume: mwaka 1955 alichukua wimbo wa dini "This Little Light of Mine", akaondoa taa katika maneno yake, akaweka msichana. Waumini wengi hawakufurahi.

Na "Yesu Kwetu ni Rafiki"? Aretha Franklin aliuimba Januari 1972 ndani ya kanisa huko Los Angeles, kwenye albamu ya Amazing Grace. Binti huyo wa mchungaji alikuwa na umri wa miaka 14 tu aliporekodiwa akiimba tenzi katika kanisa la baba yake, Detroit.

Huku kwetu, Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Hoja hiyo ina kasoro. Kiongozi kuanzisha na umati kuitikia, ambao ndio uti wa mgongo wa soul, hakuhitaji meli kutoka Marekani. Kwa Wairaqw wa Karatu, mzee husema slufay, sala ndefu ya kishairi, na waliokaa wakamjibu. Kule Ngorongoro, olaranyani wa Kimaasai huanzisha wimbo, wenzake wakamshikilia kwa mngurumo wa kooni, bila ngoma hata moja.

Nyimbo zetu nazo husafiri. Wajua kwamba Makumira, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, Bernard Kyamanywa aliandika "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966 juu ya tuni ya Kihaya? Leo Walutheri wa Ujerumani wanao katika kitabu chao cha nyimbo, namba 116.

Basi, mwalimu wa watoto wa Rhotia, Endulen au Karatu mjini, Jumapili ijayo jaribu hivi: punguza mwendo wa pambio nusu, makofi yaangukie pigo la pili na la nne, mtoto mmoja aanzishe na wengine waitikie. Kinanda si lazima.