Picha Kutoka Mahame ya Hospitali

Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Willard, katika jimbo la New York nchini Marekani, ilifunguliwa mwaka 1869 ikafungwa mwaka 1995. Wafanyakazi walipopanda darini mwa jengo mojawapo, walikuta masanduku ya safari yapatayo 400. Yalikuwa ya wagonjwa. Mtu alipolazwa, sanduku lake liliwekwa hadi siku atakayotoka, na wengi wao siku hiyo hawakuiona.

Mnamo 2011 mpiga picha Jon Crispin alianza kuyapiga picha masanduku hayo moja baada ya jingine. Ndani mlikuwa na nguo zilizokunjwa vizuri, barua, saa, nyuzi na sindano, picha za jamaa. Mama yeyote aliyewahi kufunga mkoba wa kwenda kujifungulia hospitali atafahamu: hufungi vitu vile ila una nia ya kurudi nyumbani.

Kabla yake, Christopher Payne, aliyesomea usanifu wa majengo, alikuwa amezunguka miaka 6 akipiga picha mahame ya hospitali za namna hii, hata akatoa kitabu mwaka 2009. Miongoni mwa picha zake tunaikumbuka zaidi ya miswaki ya wagonjwa, imetundikwa kabatini kila mmoja mahali pake. Hakuna mtu katika picha ile, na huenda ndiyo sababu inaumiza.

Vijana wengi wamevutwa na mambo haya, nao huingia katika majengo kama hayo na simu zao, aghalabu bila idhini. Kwetu pwani gofu huogopewa kwa sababu ya majini. Sisi twawaomba wazazi waogope zaidi sakafu iliyooza, rangi kuukuu yenye madini ya risasi, na vumbi la asbesto, ambalo mtu hulivuta leo likamdhuru mapafu baada ya miaka mingi. Tena lipo jambo la sitara. Faili la mgonjwa lililoachwa sakafuni si pambo la kuwarushia watu mitandaoni; ni siri ya mtu na ya watoto wake.

Hata hivyo kusitiri nako kuna mpaka. Sheria ya jimbo hilo ilimzuia Crispin kutaja majina ya ukoo ya wenye masanduku, naye akawa akiyaficha katika picha. Hilo laweza kueleweka. Lakini katika makaburi ya Willard wamezikwa watu zaidi ya 5,000, na alama zao zilikuwa nambari tu, bila majina. Jamaa waliotaka majina yaandikwe walijibiwa kwamba ni siri za wagonjwa. Kwa maoni yetu, hapo sitara ilikwisha, ikabaki kumfuta mtu.

Mmoja wa waliozikwa pale ni Lawrence Mocha, mhamiaji kutoka Ulaya, mgonjwa aliyekaa Willard kwa takriban nusu karne. Yeye ndiye aliyekuwa mchimba kaburi: aliwachimbia wenzake makaburi yapatayo 1,500 kwa mikono yake. Alifariki mwaka 1968. Bamba lenye jina lake liliwekwa makaburini hapo mwaka 2015.