Mkataba wa Waya: Nani Anapewa Njia, na kwa Masharti Gani?



Wenzetu wanaokaa Niboye, wilayani Kicukiro, wanajua bei ya bando kama wanavyojua bei ya mkaa. Simu siku hizi ni chombo cha maisha: kwa simu tunapokea na kutuma fedha, tunaitwa zamu, na watoto wanatafuta masomo. Lakini bei ya bando haianzii kwa wakala wa mtaani. Huanzia mbali, katika mkataba ambao wengi wetu hatujapata kuuona. Leo tunaeleza mkataba huo ni kitu gani.

Kampuni ya simu au ya televisheni ya waya haiwezi kuuza kitu bila njia. Lazima ichimbe kando ya barabara, isimamishe nguzo, au itumie masafa ya hewani. Barabara ni ya umma, na masafa pia ni ya umma. Kwa hiyo mji au serikali huipa kampuni kibali, nayo kampuni hukubali masharti. Ni kama mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri: kila upande unatoa, kila upande unapata, na lisiloandikwa ni vigumu kulidai baadaye.

Huko Marekani miji mingi ilijadiliana na kampuni za televisheni ya waya kwa njia hiyo. Sheria ya mwaka 1984 iliiruhusu miji kutoza ada isiyozidi asilimia 5 ya mapato ya kampuni yanayotokana na huduma hiyo, na kudai chaneli kwa ajili ya wananchi, shule na serikali ya mji. Lakini mahali pengi kampuni ilikuwa moja tu, na mteja asiyeridhika hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1992 sheria nyingine ikakataza miji kutoa kibali cha kampuni moja peke yake.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2013 Serikali ya Rwanda iliingia ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini ili kujenga mtandao wa 4G. KT ilichukua asilimia 51, serikali asilimia 49. KT ilileta fedha na ufundi. Serikali ilileta mkongo wa mawasiliano, masafa, na kibali cha kuuza 4G kwa jumla. Kibali hicho kilikuwa cha kampuni hiyo peke yake, kwa miaka 25. Kampuni nyingine za simu zilipaswa kununua kwake, kisha zituuzie sisi.

Tuseme haki: mkataba huo ulikuwa na faida. Mtandao ulizinduliwa mwaka 2014, na kufikia mwaka 2018 ulitangazwa kuwa umeenea zaidi ya asilimia 95 ya nchi. Si nchi nyingi za Afrika zilizofika hapo mapema hivyo. Lakini mtandao kupita juu ya nyumba ni jambo moja, na mwenye nyumba kumudu kuutumia ni jambo lingine. Simu za 4G zilikuwa ghali, muuzaji wa jumla alikuwa mmoja, na wengi wakabaki na mtandao wa zamani. Mwishowe serikali yenyewe ikabadili sera, na mwaka 2023 MTN Rwanda ikaruhusiwa kuendesha 4G yake. Miaka 25 haikutimia hata nusu.

Kuna kisa kingine. Mwaka 2007 kampuni ya LAP Green ya Libya ilinunua asilimia 80 ya Rwandatel. Mwaka 2011 RURA, chombo kinachosimamia huduma hizi, kiliifutia Rwandatel leseni ya simu za mkononi kwa kutotimiza masharti. RURA ilitumia sharti lililoandikwa, na ni haki yake. Lakini kampuni ikifilisika, anayeumia kwanza ni mfanyakazi wake. Mkataba unaomlinda mteja usimsahau fundi anayepanda nguzo.

Kutokana na visa hivi tunaona maswali manne ya kuuliza kabla kalamu haijagusa karatasi. Kwanza, huduma itafika wapi na lini, mashambani ya chai pamoja na mjini? Pili, bei itasimamiwa na nani? Tatu, kibali ni cha miaka mingapi, ni cha kampuni moja au zaidi, na kitapitiwa upya lini? Nne, kampuni ikishindwa, wateja na wafanyakazi watalindwa vipi?

Hakuna mtu atakayetuuliza maswali hayo kama hatujayauliza wenyewe. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2013 kuhusu kupata habari inampa kila mtu haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa vyombo vya umma, isipokuwa zile zilizozuiwa kisheria. Basi waya mpya ukichimbiwa njia mtaani kwetu, tusiishie kulalamikia vumbi. Tuulize katika mkutano wa wakazi, na tuulize kupitia chama: kampuni imepewa nini, imeahidi nini, na kwa miaka mingapi? Mfanyakazi hasaini mkataba wa kazi kabla ya kuusoma. Mkataba wa barabara yake nao ausome.