KISIMA CHA NYUMBANI: UCHAFU UNAINGILIA WAPI?

Mama mumoja alisema katika dispansere: «Maji ya kisima chetu ni meupe, yanatoka chini sana. Hayawezi kuleta ugonjwa.» Lakini watoto wake wawili walikuwa wanahara.

Maji ya chini ya udongo mara nyingi ni mazuri, sababu udongo unayachuja. Sisi watu ndio tunayachafua. Macho hayaoni mikrobe. Maji meupe yanaweza kubeba kolera, tifoide na kuhara damu. Uchafu unaingia kwa njia tatu.

1. KINYWA CHA KISIMA. Kama hakuna ukuta, mvua inaingiza mavi ya kuku na mbuzi. Jenga ukuta wa matofali na sima, uweke na kifuniko. Kuzunguka ukuta, tia sakafu ya sima yenye upana wa metre moja ao zaidi, na kamufereji ka kupeleka mbali maji yanayomwangika.

2. NDOO. Jirani anakuja na ndoo aliyofulia nguo za mutoto, anaishusha ndani. Basi, mikrobe imeshuka pamoja nayo! Kisima kimoja kiwe na ndoo moja na kamba moja. Ndoo ile haiingii nyumbani, hailali chini: inatundikwa. Kila mutu anamiminia maji katika bidoni yake.

3. CHOO. Kiwe mbali, metre 30 ao zaidi, tena upande wa chini wa kilima kuliko kisima. Mahali pa muchanga ao mawe yenye nyufa, ongeza umbali, juu uchafu unapita upesi.

KUSAFISHA KISIMA. Fanya hivi kisha mafuriko, ao kama nyama ameanguka ndani na umekwisha kumutoa. Kisima chenye upana wa metre moja kina karibu litre 800 kwa kila metre ya maji kwenda chini. Kwa kila metre ile, chukua litre moja ya javel ya asilimia 5, isiyo na manukato. Ichanganye kwanza katika ndoo ya maji, kisha mwanga ndani. Usiku kucha mutu asichote. Kesho yake chota na kumwanga mbali mpaka harufu iishe. Lakini javel haikai siku nyingi: ndoo chafu ikishuka tena, kazi yote ni bure.

ANGALISHO: mutu asishuke kisimani kama hana ufundi wa kazi ile. Hewa mbaya ya chini inaua upesi, na anayeshuka kumuokoa anakufa vilevile.

Maji ya kunywa, uyachemushe mpaka yatokote dakika moja. Kwenye milima mirefu, dakika tatu. Yatie katika chombo safi chenye kifuniko.

Haya si maneno madogo. Uvira na Kalemie zinajua kolera tangu miaka mingi. Mwaka 1994, karibu na Goma, kolera na kuhara damu viliua maelfu ya wakimbizi kwa wiki chache. Njia ni ileile: mavi ya mugonjwa yanafika katika maji ya kunywa.

Mutoto akihara maji-maji, mupe kunywa mara kwa mara na kumuleta hospitali upesi, usingoje kesho.

Na leo jioni, baba na mama, nendeni kutazama kisima chenu. Ndoo yake inalala wapi?