Kusafisha Mgodi na Kushauri Wananchi: Maneno Yanayohitaji Kuangaliwa Upya

Miongoni mwa hati zinazowafikia wafasiri wetu siku hizi ni zile zihusuzo kufungwa kwa migodi na kushughulikiwa kwa sumu inayobaki baada ya wachimbaji kuondoka. Hati hizo zina mafungu mawili ya maneno. Fungu la kwanza lahusu kemikali, mashimo, mabwawa na mitambo. La pili lahusu watu wanaoishi karibu na mgodi, na jinsi wanavyopaswa kuelezwa, kuulizwa na kusikilizwa. Mfasiri huliogopa fungu la kwanza, akalitafutia kamusi na kumwendea mkemia. La pili hulipitia haraka, kwa kuwa maneno yake yote anayajua: kuelimisha, kuhamasisha, kushauri, kushirikisha. Kwa maoni yetu hilo la pili ndilo lenye mitego mingi zaidi, na katika makala hii tutajaribu kuonyesha sababu.

Ili tusizungumze hewani, tumechagua mfano mmoja, nao ni mgodi wa dhahabu wa Giant uliopo kando ya mji wa Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, kwenye ufuko wa ziwa Great Slave. Tumeuchagua kwa kuwa habari zake zimeandikwa kwa wingi na ziko wazi, na kwa kuwa katika mgodi huo suala la lugha lilikuwa suala la uhai tangu mwanzo.

Mgodi wa Giant ulianza kutoa dhahabu mwaka 1948, na hadi ulipofungwa mwaka 2004 ulikuwa umetoa zaidi ya tani 200. Dhahabu yake ilikuwa imeshikamana na mawe yenye aseniki na salfa, hivyo mawe hayo yalichomwa kwanza katika tanuri. Kwa kuchomwa, aseniki iligeuka moshi, na moshi ulipopoa ukawa vumbi jeupe la oksidi ya aseniki, ambalo ni sumu kali inayoyeyuka katika maji. Katika miaka ya mwanzo vumbi hilo liliachwa litoke kwenye bomba la moshi, tani 7 hivi kwa siku, likaangukia theluji, ziwa na vichaka vya matunda. Wadene, ambao ndio wenyeji wa nchi ile, walikuwa na desturi ya kuyeyusha theluji na kuinywa. Mwaka 1951 mtoto wao mmoja alikufa kwa sumu hiyo. Kampuni ililipa dola 750.

Yalitolewa maonyo kwamba theluji isitumiwe. Lakini yaliandikwa kwa Kiingereza, na Wadene wengi wakati ule hawakusoma lugha hiyo. Katika daftari la ofisi, basi, wananchi walikuwa wamekwisha arifiwa. Tunawaomba wasomaji wetu walitazame vizuri neno hili kuarifiwa, kwa sababu linadai kwamba habari imefika kwa mwarifiwa. Habari iliyobandikwa mahali kwa lugha asiyoijua imetangazwa tu, haijamwarifu. Kiswahili kinavyo vitenzi vyote viwili, kutangaza na kuarifu, na mfasiri wa ripoti hana sababu ya kuvichanganya.

Baada ya mitambo ya kukamata vumbi kufungwa, vumbi lilianza kuhifadhiwa chini ya ardhi, katika vyumba vilivyochongwa mwambani na katika mashimo yaliyokwisha chimbwa. Huko limo hadi leo, tani 237,000. Kampuni iliyokuwa ikiumiliki mgodi ilifilisika mwaka 1999, na mzigo ukaiangukia serikali, yaani walipa kodi.

Sasa tuje kwenye maneno. La kwanza ni uchafu na jamaa zake: kuchafua, uchafuzi, uchafuzi wa mazingira. Istilahi hii imekubalika nasi hatutaki kuiondoa, bali twapaswa kukumbuka picha inayojengeka kichwani mwa msikilizaji wa kawaida anapoisikia. Uchafu ni kitu kinachoonekana, kinachonuka, kinachotoka kwa maji na sabuni. Aseniki iliyoyeyuka katika maji haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yenye sumu hiyo yaweza kuwa meupe kuliko maji ya kisima cha kijiji. Mtu akiambiwa kwamba maji yamechafuliwa, naye akiyaona yanang'aa, atawaamini macho yake. Katika matangazo kwa wananchi, kwa hiyo, ni afadhali kusema maji haya yana sumu, na neno uchafuzi libaki katika vichwa vya sheria na taarifa za wataalamu.

Jambo hili lina upande mwingine ambao walimu wa afya watautambua mara moja. Kwa miaka mingi tumewafundisha wananchi kwamba maji yakichemshwa huwa salama, na fundisho hilo ni la kweli kwa vijidudu vya maradhi. Aseniki haifi kwa moto. Maji yakichemshwa hupungua kwa mvuke, sumu ikabaki, na kila kikombe kikawa na sumu zaidi kidogo kuliko hapo awali. Tangazo linalosema maji si safi, bila kueleza neno zaidi, litampeleka mama mwenye busara jikoni kuyachemsha, akiamini kwamba anawalinda wanawe. Usemi wetu wa maji safi na salama umeyafunga maneno haya mawili kama pacha, hata tumesahau kwamba kila moja lina maana yake. Penye sumu ya madini hatuna budi kuyatenganisha, na kuongeza wazi: kuchemsha hakuondoi sumu hii.

Neno la pili ni kusafisha. Magazeti na hata hati rasmi husema kwamba mgodi fulani unasafishwa. Je, nini kinafanyika pale Giant? Wataalamu walizichunguza njia nyingi, na katika mpango wa mwaka 2007 walipendekeza vumbi ligandishwe pale pale lilipo. Mabomba marefu hushushwa ardhini kuzunguka vyumba vya sumu. Mabomba hayo huvuta joto la mwamba na kulitoa katika hewa baridi ya juu, mpaka mwamba ugande, ili maji ya ardhini yasipenye na kuibeba sumu kuelekea ziwani. Kazi kubwa ya marekebisho ilianza mwaka 2021, na makadirio ya gharama yaliyotolewa mwaka 2022 yalikuwa dola za Kanada bilioni 4.38. Majengo yanabomolewa, udongo wa juu unashughulikiwa, maji yanayovutwa mgodini yanatibiwa. Lakini zile tani 237,000 haziondoki. Nani basi atathubutu kusema, kwa Kiswahili chetu, kwamba mahali hapo pamesafishwa? Nyumba iliyosafishwa ni nyumba ambayo taka zake zimetolewa nje.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kitenzi kusafisha kitumike pale tu ambapo sumu imeondolewa mahali ilipokuwa. Pale ambapo imezingirwa, imefunikwa au imegandishwa ibaki, isemwe kwamba sumu imefungiwa, na kazi hiyo iitwe kufungia sumu. Na pale ambapo ardhi imerudishwa katika hali ya kulimika au kukalika, neno urejeshaji wa ardhi, ambalo limekwisha kuzoeleka katika hati za madini, linatosha. Tunajua watakuwapo watakaosema kuwa kufungia si neno la kitaalamu. Ubora wake ni kwamba kila asikiaye atauliza: ufunguo anao nani? Hilo ndilo swali ambalo wananchi wa Yellowknife wamekuwa wakiliuliza.

Tunafika sasa kwenye fungu la pili, na hapa tutakaa zaidi. Taarifa za migodi hazikosi sentensi isemayo kwamba kabla ya uamuzi kufanywa, wananchi waliulizwa maoni yao. Tafsiri tuliyokutana nayo zaidi ya mara moja ni wananchi walishauriwa. Katika kamusi za zamani kitenzi kushauri kilibeba maana zote mbili, kutoa shauri na kutaka shauri. Katika matumizi ya leo maana ya kwanza imeimeza ya pili. Daktari humshauri mgonjwa. Mgonjwa hamshauri daktari. Kwa hiyo msomaji wa sasa akiona wananchi walishauriwa, ataelewa kwamba wakubwa walikwenda wakawapa wananchi mawaidha. Sentensi imepinduliwa: aliyepaswa kusema amefanywa msikilizaji. Tena kosa hili halionekani, maana sarufi yake ni sahihi kabisa. Waraka wa aina hii ukifika mahakamani, au ukisomwa katika mkutano wa kijiji, kila upande utaupata ushahidi wake humo. Na tuandike wananchi walitakwa shauri, au waliombwa maoni. Na kama mazungumzo yalikuwa ya pande zote, serikali na wananchi walishauriana.

Pale Yellowknife tofauti hii ilikuwa ndiyo kiini cha mgogoro. Mpango wa kugandisha ulipotolewa, wengi waliona kwamba wameelezwa jambo lililokwisha kuamuliwa. Mwaka 2008 mji wenyewe uliomba tathmini kamili ya mazingira ifanyike. Vikao vya hadhara vya kusikiliza maoni vikafanywa mwaka 2012, na mwaka 2013 bodi ya tathmini ikatoa taarifa yenye masharti 26. Mojawapo lilitaka kiundwe chombo huru cha kuusimamia mradi. Mwaka 2015 mkataba ulitiwa sahihi na pande sita, zikiwamo serikali ya Kanada, Wadene wa Yellowknives na mji wa Yellowknife, na kwa mkataba huo bodi ya usimamizi ikaanzishwa. Hapo ndipo wananchi walipotoka katika kushauriwa wakaingia katika kushauriana.

Maneno kuelimisha na kuhamasisha nayo yana historia yake. Wasomaji wenye umri watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nchini Tanzania, ambamo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufyeka majani. Ilikuwa kazi njema sana. Maarifa yalikuwa kwa wataalamu, nguvu zilikuwa kwa wananchi, na kuhamasisha kulimaanisha kuzichochea nguvu hizo. Penye mgodi wenye sumu mambo yamegeuka. Mwananchi hana choo cha kuchimba, ana maswali. Isitoshe, sehemu ya maarifa iko kwake. Wazee wa Kidene ndio waliojua theluji ilichukuliwa wapi, matunda yalichumwa wapi, wanyama na samaki walipatikana wapi kabla ya mgodi, mambo ambayo hayakuwa katika ramani ya kampuni yoyote. Kuiita kazi ya kwenda kuwasikiliza watu hao uhamasishaji ni kuipa jina la kazi nyingine. Sisi twaona kwamba mawasiliano na wananchi, ingawa ni usemi wa maneno matatu, ni bora, kwa kuwa kiambishi -an- kinadai watu wawili.

Kiambishi hicho kinatuleta kwenye neno linalotamkwa kuliko yote, nalo ni ushirikishwaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inataka umma uhusishwe katika tathmini ya athari kwa mazingira, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inauhesabu ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya taifa. Mfasiri ana maumbo kadhaa mkononi. Mwenye kushiriki anatenda mwenyewe. Wenye kushirikiana wanatendeana. Mwenye kushirikishwa anatendewa: yupo mwingine aliyemwita, aliyeandaa viti na ajenda, na ambaye angeweza kutomwita. Ushirikishwaji ni jina la hali hiyo ya mwisho. Hatusemi kwamba ni neno baya. Mara nyingi ni neno la kweli mno, kwani linaeleza vizuri yale yaliyotokea. Tunachoomba ni kwamba lisitumiwe pale ambapo sheria inazungumzia haki ya mwananchi, kwa sababu haki hiyo ni ya kushiriki. Herufi chache zilizoongezwa katikati ya neno zinaihamisha haki kutoka kwa mwenyewe na kuiweka mkononi mwa mwalikaji.

Kuhusu wadau tutasema kidogo tu. Neno hili limemkusanya mwenye mgodi, mkaguzi, mfadhili na mama anayechota maji mtoni, wakawa sawa wote. Likitafsiriwa kama lilivyo katika asili, sawa; lakini pale ambapo hati yenyewe inajua kuwatofautisha, mfasiri asiwafunike kwa shuka moja. Hali kadhalika topesumu, jina lililoenea Tanzania kwa mabaki ya kuchenjua madini. Ni neno lililoundwa vizuri, lakini linatoa hukumu kabla ya vipimo. Kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, zilipobomoka mwezi Novemba 2022 na tope likafunika mashamba, swali la kilichomo ndani ya tope hilo lilikuwa la maabara. Penye shaka, mabaki ya mgodi ni jina salama.

Limebaki neno moja, nalo ni muda mrefu. Vumbi la Giant halipotezi ukali wake kwa kupita kwa miaka. Mabomba yatahitaji kutunzwa na maji kutibiwa mradi sumu imo, na ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial, pamoja na chama cha lugha cha Goyatiko cha kijiji cha Dettah, walikaa na wazee kujadili jinsi ya kuwaonya watu ambao hawajazaliwa: kwa alama gani, kwa hadithi gani, na kwa lugha ipi, iwapo lugha za leo zitakuwa zimebadilika. Bodi ya tathmini ilikataa mpango usio na mwisho. Iliuruhusu kwa miaka 100 tu, ikaagiza uchunguzi wa njia ya kudumu uendelee, na mradi upitiwe upya kila baada ya miaka 20. Maneno muda mrefu yangeweza kusimama badala ya 20, badala ya 100, na hata badala ya milele, na katika tafsiri tulizoziona yamesimama badala ya zote tatu. Mfasiri akiikuta namba katika asili, aiandike namba. Asipoikuta, amwulize mwandishi wa hati kabla ya kuendelea.