Mbega wa Kilemba Chekundu: Siku Yangu Moja Mto Tana

Baharia akipewa ruhusa ya siku moja hulala. Meli za makontena siku hizi hazikai bandarini. Zikifunga kamba leo, kesho zimekwisha kung'oa. Kwa hiyo nilipopata siku moja na usiku wake, meli yetu ikiwa Kilindini, wenzangu walistaajabu kuniona nakimbilia basi la Malindi. Nililala huko kwa shangazi yangu, na baada ya swala ya alfajiri nikashika njia ya Garsen.

Sababu yenyewe ni aibu, nami nitaisema. Katika bustani ya wanyama ya mji mmoja wa Ulaya, mzee mmoja aliposikia kwamba natoka pwani ya Kenya aliniuliza habari za mbega mwekundu wa Mto Tana. Sikuwa na jibu. Nimewaona simba wa kizimbani katika bandari ngapi, na mnyama wa jirani yangu simjui hata kwa sura!

Kutoka Malindi hadi Garsen ni kama kilomita 110. Nchi ni kavu, vichaka na miiba, kisha ghafla unaona kijani. Ndio mto huo. Wasafiri wazee wa Lamu bado wanakumbuka pantoni la Garsen lililovutwa kwa kamba kabla ya kuwapo daraja. Mji wenyewe ni wa wapita njia: Wapokomo na ndizi zao na maembe, Waorma na ng'ombe wao, na sisi wa pwani tunaoteremka kunyoosha miguu na kutafuta chai. Nikanywa yangu na mahamri mawili, nikapanda gari la Hola, nikashuka penye njia ya vumbi iendayo mtoni.

Hapo ukingoni nikamkuta mzee wa Kipokomo na mtumbwi wake wa gogo moja. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia ni baharia. "Basi kaa usitikisike, mwanangu," akasema, "maana chombo hiki hakijui ubaharia wako." Kweli, nimevuka Ghuba ya Biskaya katika dhoruba bila kusoma dua niliyoisoma siku ile. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, huoni chini, na mamba wamo.

Ng'ambo tukaingia msituni. Usifikirie msitu mkubwa wa kwenye picha. Ni ukanda mwembamba unaofuata mto, na ukienda mbali kidogo na maji umerudi kwenye miiba. Msitu huu hauishi kwa mvua. Unaishi kwa mafuriko ya mto na maji yaliyo chini ya ardhi. Kuna mikuyu mikubwa, na kuna mikindu, ule mti ambao mama zetu husukia mikeka kwa makuti yake. Nilisimama nikautazama. Mkeka ninaouswalia melini ni wa ukindu.

Tulingoja karibu saa nzima. Kisha matawi yakatikisika, na mzee akaninyooshea kidole juu. Walikuwa kama wanane, wamekaa kwenye mkuyu wakila majani polepole kama watu wa barazani. Mwili ni wa kijivu, na kichwani pana wekundu wa kutu. Mtaalamu wa Kijerumani, Wilhelm Peters, aliyemwandika mnyama huyu mwaka 1879, alimpa jina la Kilatini lenye maana ya mwenye kilemba chekundu. Jina limemfaa. Mkononi hana kidole gumba cha haja, lakini aliruka kutoka mti hadi mti nisione alishika nini. Chini yao, ardhini, kundi la aina nyingine lilikuwa likiokota matunda na kuyajaza mashavuni: wale wa kishungi kichwani, ambao nao Peters aliwaandika mwaka uleule. Aina hizi mbili hazipatikani popote duniani ila katika misitu ya mto huu, na wataalamu hukisia kila moja ina wanyama kama elfu moja, au pungufu.

Hapo nikadhani nimemaliza safari. Kumbe ndiyo kwanza ianze, kwa sababu nilimwuliza mzee, "Na serikali inawatunza vizuri?"

Alicheka. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1976, kama kilomita 170 za mraba, na ndani yake mlikuwa na vijiji na mashamba ya Wapokomo tangu enzi na enzi. Katika miaka ya 1990 ukaja mradi wa fedha za kigeni wa kuwahamisha watu. Wako waliokubali, wako waliokataa. Waliokataa walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi haikuwekwa kwa utaratibu wa sheria. Wanyama wale wakabaki bila ule ulinzi.

"Tulishinda," mzee akasema. "Lakini sikiliza. Zamani msitu ulikuwa na wenyewe, na wazee wa gasa walisema mti gani ukatwe na upi usikatwe. Serikali ikaja ikasema ni wake. Mahakama ikasema si wake. Vijana sasa wanauliza: ni wa nani? Na panga liko mkononi." Akanionyesha kisiki cha mkuyu, kipana kama meza ya chakula, na mahindi yamepandwa pembeni yake. "Huyu aliyekata ni mtoto wa ndugu yangu. Ana watoto sita. Nimwambie nini?"

Nilinyamaza. Nilitaka kusema habari za mabwawa ya juu, Masinga la mwaka 1981 na mengine, yaliyobadili mafuriko yaliyokuwa yakilisha msitu na mashamba yao pia, lakini aliyajua kuniliko.

Tukatawadha mtoni kwa tahadhari ya mamba, tukaswali adhuhuri chini ya mkuyu, mimi nikikusuru kwa kuwa msafiri. Nilipomlipa alipokea nusu tu, akasema nyingine ni ya mgeni. Saa nne usiku nilikuwa langoni Kilindini, na matope ya Tana kwenye viatu. Mlinzi akaniuliza nimetoka wapi mchafu hivi. Nikamwambia Garsen. "Garsen kuna nini?" akauliza.

Nikaketi pale kwenye benchi lake, nikamweleza, hadi honi ya zamu ikalia.