Mabingwa wa mawimbi, kuanzia Nyantende

Redio, joto la mbabula, mwanga wa jua, eksirei: vyote ni ukoo mmoja, mawimbi ya sumakuumeme. Mabingwa wake ni hawa.

1. Lenye mbio kuliko yote

Ukoo mzima umefungana: kilomita 299,792 kwa sekunde. Mtangazaji wa Radio Maendeleo, mjini Bukavu, anasema «Jambo». Kabla sauti yake haijamfikia mwenzake aliyeketi mita 4 mbele yake, wimbi limeshafika kwetu Nyantende. Kwa muda huohuo lingeweza kwenda Kinshasa na kurudi!

2. Refu kuliko yote nyumbani

Umeme wa mto Ruzizi hutikisika mara 50 kwa sekunde. Wimbi la mtikisiko huo lina urefu wa kilomita 6,000 hivi: Bukavu hadi Kinshasa, kwenda na kurudi, mara mbili.

3. Radio kwa radio

Pambano ninalolipenda kuliko yote. Wimbi la FM lina mita 3. Linalala ndani ya taksi-basi na nafasi inabaki. Lakini hospitalini pia watu hupigwa «radio», yaani eksirei ya kifua, na wimbi lake ni dogo mno: panga bilioni 100 kwenye mstari ndipo yalifikie moja la FM. Yagawe kwa Wakongomani wote, watoto wachanga wakiwemo, na kila mmoja atapata karibu 1,000. Mionzi ya gama ni mifupi zaidi, ila haina jina la kushindania.

4. Kali kuliko yote

Tarehe 29 Desemba 2003, mlimani Licancabur, Bolivia, mionzi ya urujuanimno ya jua ilifika 43.3 kwenye kipimo cha ukali wake. Kuanzia 11 tayari ni hatari kupindukia! Kwetu, kilele cha Kahuzi, mita 3,308, kinakutetemesha kwa baridi huku jua likichoma kwa takriban theluthi zaidi ya pwani. Ukali huo unafaa pia: maji yasiyo na tope, chupa ya plastiki angavu, saa 6 juani, na vijidudu vya kipindupindu vinakufa.

5. Kongwe kuliko yote

Televisheni ya zamani ikikosa stesheni huonyesha chengachenga. Karibu asilimia 1 yake ni mawimbi yaliyoanza safari miaka bilioni 13.8 iliyopita. Arno Penzias na Robert Wilson walipoyanasa Marekani, walidhani mvumo wake unatokana na kinyesi cha njiwa ndani ya antena. Wakakisafisha, mvumo ukabaki. Mwaka 1978 wakapewa Tuzo ya Nobel, kwa wimbi lenye umri mara tatu ya jua.